Amana ya Asiye na Ulimi

Mzazi anapotia saini ili mwanawe mchanga apasuliwe, huidhinisha jambo litakalopita katika mwili usio wake. Je, hujua anaidhinisha nini?

Mwaka 1985, jijini Washington, mtoto njiti alipasuliwa ili kufungwa mshipa ulio karibu na moyo. Alipewa dawa ya kulegeza misuli asitikisike. Ya kuzuia maumivu hakupewa. Majuma kadhaa baadaye akafariki. Mama yake aliambiwa ukweli baada ya kuuliza. Haukuwa ukatili wa mtu mmoja: madaktari wengi wa zama hizo waliamini kwamba kichanga hahisi uchungu kama mtu mzima. Mwaka 1987, utafiti wa K. J. S. Anand na wenzake huko Oxford ulionyesha kuwa njiti waliopewa dawa kali ya maumivu walipatwa na madhara machache kuliko wenzao.

Elimu ilijisahihisha, lakini swali la mama lingalipo. Alimkabidhi mwanawe kwa amana, na amana haikai pasipo ukweli. Aliyelegezwa misuli hawezi kulia. Ukimya wake si ushahidi wa raha. Ulimi wa kichanga ni mzazi wake. Anayemficha mzazi amemnyamazisha mtoto mara ya pili.