Ningu Hana Badala

Mto Kuywa hupitisha maji ya Bokoli, Bungoma, hadi Nzoia, na Nzoia huyafikisha Ziwa Viktoria. Njia hiyo ina msafiri wa kinyume, samaki aitwaye ningu: hukulia ziwani, na mvua za masika zikifurisha mto hupanda kutaga kwenye majani ya kingo. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mavuno yake yalikuwa yameporomoka, kwa kuwa nyavu zilitegwa midomoni mwa mito zikamnasa akiwa na mayai tumboni. Wapo wasemao kwamba ningu wamo katika mito mingine, basi vifaranga viletwe, vimwagwe, na deni limelipwa. Swali la imani linaanzia hapo: kiumbe akitoweka mahali pake, mwenzake wa jina lilelile anaweza kuwa badala yake?

Mimi nasema hawezi. Ushahidi bora uko mbali, kwa samoni wa Bristol Bay, Alaska. Samoni hurudi kutaga katika maji alikoanguliwa, akiongozwa na harufu ya maji hayo, na kwa vizazi vingi kila kijito kimepata ukoo wake: huu hutaga mapema, ule huchelewa, huu hukaa baharini miaka 2, ule 3. Utafiti uliochapishwa 2010 ulikadiria kwamba wangekuwa kundi moja tu, uvuvi ungefungwa mara 10 zaidi. Kwa hiyo anayedai kuwa njaa haingojei falsafa amejibiwa na njaa yenyewe, kwani kijito kimoja kikikosa, kingine hulisha. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia viumbe walioumbwa kwa aina zao, lakini aina haiogelei. Kinachoogelea ni ukoo unaoujua mto wake.

Pingamizi zito ni kwamba samaki hupotea njia na kuchanganyika, hivyo hakuna ukoo safi. Ni kweli. Lakini Mbukusu, mwenyeji wa Kuywa, haoi katika ukoo wake wala wa mama yake. Damu huchanganyika kila kizazi, na koo bado zipo. Kuoana si kufutwa. Kufutwa ndiko kulikomfika ngege, tilapia wa asili wa Ziwa Viktoria: tilapia wa Nile, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, alimsonga na kuzaana naye, na leo ngege wa asili hutafutwa katika viziwa kama Kanyaboli, Siaya. Basi atakayekuja na ndoo ya vifaranga ukingoni mwa Kuywa, mwulizeni kwanza: mama zao walitaga mto gani?