Theluji ya Unga

Katika jiji la Hamburg, Ujerumani, mwaka 2001 yalifunguliwa maonyesho ya Miniatur Wunderland, ambamo treni ndogo hupita katika ulimwengu uliopunguzwa mara 87. Mwaka 2005 iliongezwa sehemu ya Skandinavia, yenye nchi iliyofunikwa na theluji isiyoyeyuka. Theluji hiyo haikushuka kutoka mawinguni. Ni kazi ya mikono ya binadamu. Hapo ndipo linapozuka swali la kale: je, aigaye hudanganya?

Plato alimshuku mwigaji kwa kuwa humpa mtazamaji sura ya kitu bila ya ukweli wake. Aristotle, mwanafunzi wake, aliona kwamba binadamu hufurahia mfano kwa sababu hujifunza kwao. Meza ya fundi wa reli ndogo yaweza kuwa baraza ya kuwasuluhisha wawili hao.

Fundi mwanagenzi humwaga unga mweupe kila mahali. Weupe huupata, theluji haipati. Punje ya chumvi yenye nusu milimita, ikikuzwa mara 87, huwa bonge la zaidi ya sentimita nne. Hiyo ni mvua ya mawe. Kwa hiyo fundi stadi hutafuta vumbi laini la marumaru au la plasta, akalichekecha kutoka juu ili litue penye gundi mbichi pale ambapo theluji yenyewe ingetua: juu ya mapaa na matawi, si chini ya upenu. Theluji ya kina cha nusu mita, kwake haifiki milimita sita. Tena yampasa ayajue yaliyoisibu baada ya kuanguka: kando ya reli huchafuka, penye dohani huyeyuka, na mbele ya mlango hukanyagwa. Asiyeyajua hayo hawezi kuiga. Katika hili, Aristotle amesema kweli.

Lakini Plato hajashindwa. Theluji ni sitara. Kona iliyojengwa vibaya husitirika chini yake, na weupe usio na unyayo huonyesha baridi isiyomtesa mtu. Katika filamu za zamani, asibestosi iliwahi kutumiwa kuwa theluji, na waigizaji wakanyeshewa kitu ambacho vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani. Macho yaliridhika, mapafu hayakuulizwa.

Basi ubaya wa kuiga huanza pale gharama inapofichwa. Fundi mwaminifu, akiisha kuupamba mji wake, humsimamisha kando ya reli mtu wa sentimita mbili mwenye beleshi mkononi, maana treni haipiti penye theluji ila kuna aliyeiondoa. Mtu huyo akiondolewa, weupe haupungui hata chembe, na watazamaji wengi hawatatambua. Hata hivyo mji ule utakuwa umeanza kusema uongo.