Kazi Fupi na Tarehe Ndefu

Sisi tuliotoka chuo cha ualimu katika miaka ya 1970 hatukuhitaji kuandika wasifu. Serikali ilikupangia shule, ukafunga sanduku, ukapanda basi, na tangu siku hiyo mwajiri akawa mmoja mpaka kustaafu. Historia yangu ya kazi ingeenea katika mstari mmoja. Wapo wa rika langu wanaojivunia mstari huo kana kwamba ni tabia njema. Kwa maoni yangu, ulikuwa bahati ya wakati kuliko uaminifu wetu.

Kijana wa leo hana bahati hiyo. Chukua mfano wa binti mmoja niliyemfundisha shule ya msingi, ambaye baadaye alipata stashahada ya ualimu. Alijitolea kufundisha muhula mmoja katika shule binafsi, akauza duka miezi miwili, akawa karani wa Sensa ya Watu na Makazi mwezi Agosti 2022, kisha akafundisha miezi minne badala ya mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi. Alipotaka kuomba kazi, rafiki yake alimshauri aunganishe yote, aandike tu: mwalimu, 2021 hadi 2023. Akaja kuniuliza, "Mwalimu, hiyo ni dhambi? Si kweli nilifundisha?"

Ndugu msomaji, swali hilo halijibiwi kwa haraka. Hapana budi tutenganishe mambo mawili: kuacha jambo na kurefusha jambo. Wasifu si ungamo. Mwombaji huchagua yanayohusu kazi anayoiomba, na miezi ile miwili ya dukani anaweza kuiacha bila kumdhulumu mtu. Lakini fomu ikimtaka ataje kazi zote alizowahi kufanya, hapo kunyamaza nako ni jibu, na jibu hilo ni la uongo. Ama kurefusha tarehe, huo ni uongo popote. Anayedhulumiwa ni mwombaji mwenzake aliyeandika miezi minne akimaanisha minne, naye hayupo pale kujitetea.

Wengine husema ni jambo dogo. Mwaka 2017, baada ya uhakiki wa vyeti serikalini, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Sidai kwamba tarehe iliyovutwa ni sawa na cheti cha kughushi. Ila vyote viwili hutegemea tumaini lile lile, kwamba hakuna atakayeuliza.

Je, mkweli afe njaa? La. Aziweke kazi hizo pamoja chini ya kichwa kimoja, "Kazi za Muda", kila moja na miezi yake na sababu ya kwisha kwake: mkataba ulimalizika, mwenye nafasi alirudi, sensa ilikamilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Aliyeajiriwa aidai, hata kama ni kwa miezi minne tu. Kazi iliyokwisha kwa kuwa imetimia si kazi iliyovunjika. Karani wa sensa hakufukuzwa; alimaliza kuhesabu.

Sehemu iliyobaki ni ya wale wanaoketi upande wa pili wa meza. Nami nimeketi huko mara nyingi, nikaona jinsi wajumbe wanavyokunja uso kwa kuona miezi minne, kabla hata ya kuuliza kwa nini. Anayeuadhibu ukweli asishangae akiletewa uongo.

Binti yule aliandika miezi minne, kama ilivyokuwa. Hakuitwa kwenye usaili. Ningali nashikilia kwamba alitenda haki, lakini nalisema hilo kwa sauti ya chini, maana gharama aliilipa yeye, si mimi mwenye mstari mmoja na pensheni.