Dawa ya Majani na Jembe la Jirani

Yako maswali yanayoonekana kuwa ya shamba tu, kumbe ni ya dhamiri. Mojawapo ni hili: je, yafaa kuiachia dawa kazi ya jembe?

Huku kwetu Eringeti, mahali mashamba yanapokutana na msitu wa Ituri, wazee husema kwamba anayenyunyizia majani dawa ni mvivu. Vijana hujibu kwamba mzee alisifu jembe kwa sababu siku hizi wanaolishika ni wajukuu wake. Kila upande una neno la kweli. Tuwasikilize wote wawili, kisha tupime.

Kwanza tutazame mbali kidogo. Huko Marekani wako wawindaji wanaolima vishamba vidogo porini, si kwa chakula chao wenyewe, bali kwa ayala, mnyama anayefanana na swala wetu. Hupanda soya, maana majani na maganda yake yana nguvu nyingi ya kujenga mwili, nao ayala huyapenda mno. Mnyama akizoea kuja kula, mwindaji hujua mahali pa kumngojea. Lakini kishamba cha porini husongwa na magugu upesi, na pengine mwenyewe akaa mbali. Kwa hiyo wengi hupanda mbegu ya soya iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, isiyodhuriwa na dawa iitwayo glifosati. Dawa hiyo huuzuia mmea usitengeneze vitu fulani ambavyo bila hivyo hauwezi kuishi. Wataalamu walitwaa katika bakteria mmoja ule urithi wa kuivumilia dawa, wakautia ndani ya soya. Basi mwindaji hupita na pompi yake: magugu yakauka, soya yabaki imesimama.

Msomaji wetu atauliza: Kuwalimia wanyama wa porini? Sisi twashinda tukifukuza nyani na nguruwe! Kweli. Lakini tusicheke sana. Mboloko naye huja kula katika shamba la zamani lililoachwa, na mtegaji ajua hivyo. Kupanda kwa ajili ya windo si dhambi. Kinachotuhusu ni ile mbegu na ile dawa, maana kwetu soya ni uji wa mtoto. Mama ajua kwamba katika masoso, yaani unga wa mahindi, mtama na soya, ni soya hasa inayomwinua mtoto aliyedhoofika. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa punje yake ni protini.

Tena soya ina adui wake, yaani magugu ya majuma ya kwanza. Mpaka majani yake yafunike ardhi, yataka kupaliliwa, na mara nyingi si mara moja tu. Nani ataipalilia? Tangu Oktoba 2014 mauaji yameenea katika eneo la Beni. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali haikusalimika. Watu wengi waliacha mashamba ya mbali, yakageuka pori. Mjane anayethubutu kwenda shambani kwa saa chache tu, apate kurudi kabla jua halijashuka, hawezi kupalilia kama mama yake alivyopalilia zamani. Ukimwambia kwamba dawa ni uvivu, unamwonea.

Basi jibu letu la kwanza ni hili: kupunguza jasho si dhambi. Jembe la chuma lenyewe lilipunguza jasho la waliochimba kwa mti. Mungu hakuuweka uchovu uwe fadhila. Fadhila ni kufanya kazi kwa akili na kwa mapendo. Wengine hutuletea mfano wa Injili, ule wa bwana aliyewakataza watumishi wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Lakini mfano ule wahusu watu, nao watufundisha uvumilivu kwa wakosefu. Hautukatazi kupalilia.

Hata hivyo si kila wepesi ni halali. Tuupime kwa maswali matatu.

La kwanza: madhara humwangukia nani? Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba yaelekea glifosati huleta kansa kwa watu. Wakaguzi wa serikali ya Marekani na wa Ulaya walipima nao, wakaona vingine. Wenye elimu wakibishana, mwenye hekima hufunika mdomo na mikono, wala hanyunyizi penye upepo au karibu na kijito. Na bidoni la dawa halifai kuchotea maji, hata likioshwa mara kumi. Tena upepo haujui mpaka wa shamba. Huko Arkansas, mwaka 2016, mkulima aliuawa kwa bunduki katika ugomvi juu ya dawa nyingine ya magugu, iitwayo dikamba, iliyosemekana kupeperuka na kuharibu mazao. Hivyo basi, kilichoanza kama wepesi wa mmoja kilikuwa kilio cha mwingine.

La pili: faida yake yadumu? Anayeua magugu kwa njia ile ile kila mwaka huyaacha hai yale machache yasiyouawa nayo, na hayo ndiyo yatoayo mbegu. Mwaka 2005, katika jimbo la Georgia, ilithibitishwa kwamba aina moja ya mchicha wa porini, ndugu wa lengalenga yetu, haifi tena kwa glifosati. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu mamia ya maelfu. Ndipo wakulima walipoongeza dawa juu ya dawa, na wengine wakalazimika kuajiri watu wa kung'oa kwa mkono. Jembe walilolifukuza mlangoni liliingia kwa dirisha.

La tatu: mbegu ni ya nani? Kwetu mkulima huweka akiba ya mbegu kwa msimu ujao. Lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua juu ya mkulima mmoja wa Indiana, jina lake Bowman, kwamba hakuwa na haki ya kuzalisha mbegu za namna ile pasipo ruhusa ya kampuni yenye hati. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, hakuzilaani mbegu hizo kwa jumla. Lakini alionya kwamba mahali pengi zilipoingia, ardhi imekusanyika mikononi mwa wachache.

Sasa mlinganishe mwindaji wa Marekani na mjane wa Eringeti. Kishamba kikiharibika, mwindaji hukosa windo la msimu mmoja. Shamba la mjane likiharibika, mtoto hana uji. Kwa hiyo mjane ana sababu kubwa zaidi ya kutumia dawa, lakini ana uwezo mdogo zaidi wa kuyabeba madhara yake: hana vifaa vya kujikinga, na maji yake ni ya kijito. Asiye na njia mbili mbele yake, tutamhukumuje kana kwamba alichagua?

Basi neno laturudia sisi tunaopenda kutoa mashauri. Anayemkataza mjane dawa, na amshikie jembe. Wazee wetu walijua kulima kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Watu kumi wakiingia pamoja, shamba dogo hupaliliwa asubuhi moja, wala mtu hatembei peke yake njiani.

Tena tusisahau jambo la hakika: soya ya kawaida haivumilii dawa hiyo. Ikiguswa nayo, hufa pamoja na magugu. Anayetaka kuitumia, aitumie kabla ya kupanda, kwa shauri la agronomu. Na mistari ikikaribiana kwa kiasi, majani ya soya hufunga upesi na kuyanyima magugu mwanga.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, kila shirika lijiulize: ni shamba la nani lililosongwa na majani, na ni nani kati yetu atakayekwenda?