Je, Anayejua Anyamaze?

Wengi wenu mnaopita nyuma ya nyumba yetu mkienda ibada ya asubuhi mmekwisha kuona kwamba banda letu, lile tulilolijenga kwa ajili ya gari ambalo hatukupata kulinunua, sasa lina kazi. Kwa muda wa miezi kumi na minne tumekuwa humo karibu kila siku, tumevaa kaptura iliyochakaa, mikono myeusi hadi viwikoni, tukifufua pikipiki ya zamani. Wengine mmecheka, na mlikuwa na haki ya kucheka. Lakini jambo tunalotaka kuwaandikia leo si la oili na spana. Ni swali lililotujia tukiwa katika kazi hiyo, nalo limetunyima usingizi kuliko kazi yenyewe.

Tuanze mwanzo. Tulikuwa tumekwenda kumjulia hali mjane mmoja, mkubwa kwetu kwa umri, ambaye mumewe alikuwa mganga wa zahanati zamani zile. Tulipomaliza kumwamkia tuliwaona vijana wawili wanunuzi wa vyuma chakavu wamesimama na mizani yao kando ya banda la kuku. Walikuwa wakiitazama pikipiki iliyoegemea ukuta, kuku wamelala juu yake miaka mingi, tairi zimeoza, kiti ni waya mtupu. Walikuwa tayari kutoa shilingi 50,000. Tulisogea, tukafuta mavi ya kuku kwenye tangi kwa jani la mgomba, na chini yake tukaona picha ya jogoo, hafifu, karibu kufutika.

Jogoo yule tulimjua. Tulipokuwa chuo cha ualimu mkufunzi wetu mmoja alikuwa nayo pikipiki ya namna hiyo hiyo, nasi tulikuwa tukimshikia taa wakati akiifungua. Ni BSA Bantam, ndogo, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1948 hadi 1971. Asili yake wala si ya Kiingereza. Wajerumani waliiunda kwanza kwa jina la DKW RT 125, na baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 michoro yake ikachukuliwa kama fidia. Waingereza wakaiiga, Warusi wakaiiga, Wamarekani wa Harley-Davidson wakaiiga, na hata Yamaha pikipiki yao ya kwanza ya mwaka 1955 waliitoa katika mfano huo huo. Tulijua pia, na hapa ndipo penye kiini cha habari, kwamba wako watu wanaozitafuta pikipiki hizi kwa fedha nyingi.

Tulimwambia yule bibi, "Bibi, usiwape hawa. Mimi nitakupa themanini." Akafurahi sana. Akasema, "Mwalimu, Mungu akubariki," akakataa hata kuzihesabu noti mbele yetu. Tukaondoka na pikipiki juu ya mkokoteni, na mioyoni tukajiona watu wema, maana tulikuwa tumempa zaidi ya wale vijana.

Basi kazi ikaanza. Kwa nje ilikuwa kutu tupu. Tulitumia mafuta ya taa, msasa na subira. Kila nati ililowekwa siku tatu kabla ya kuguswa. Tulitazamia kukuta pistoni imegandamana na silinda, maana chuma kilichokaa miaka arobaini na zaidi bila kuzunguka hufanya hivyo. Tulipofungua tukapigwa na bumbuazi. Kwenye tundu la moshi kulikuwa na kitambaa kimesokotwa na kusindikwa kwa nguvu. Kwenye mdomo wa kabureta kingine, kimefungwa na uzi. Ndani ya silinda ilimiminwa oili, imekauka na kuwa kama gundi ya miti, lakini tulipoisafisha kwa petroli chuma chini yake kiling'aa. Marehemu hakuitupa pikipiki yake kwenye banda la kuku. Mafuta yalipoadimika baada ya vita vya Kagera, vya mwaka 1978 hadi 1979, aliilaza, kama mtu anavyolaza kitu anachotumaini kukirudia.

Ringi za pistoni hazikupatikana kwetu. Maduka ya vipuri vya bodaboda yamejaa kila kitu isipokuwa cha Bantam, na kijana mmoja wa dukani alituuliza kwa adabu kama tuna hakika kwamba hicho ni chombo cha barabarani. Tuliagiza Uingereza kwa msaada wa mpwa wetu. Spoki zilikerezwa hapa hapa. Rangi tuliichanganya wenyewe mpaka ikafanana na ile ya kijani hafifu ambayo Bantam za kwanza zilitoka nayo kiwandani.

Siku tuliyodhani tumemaliza, haikuwaka. Tulipiga teke wiki tatu. Plagi ilitoa cheche nzuri, petroli ilifika, oili imechanganywa kwa kipimo chake. Mwenzetu wa nyumbani akaanza kutuwekea chai nje ili asisikie manung'uniko. Mwishowe tulikumbuka somo la mkufunzi wetu: injini ya namna hii huipitisha hewa na petroli kwanza katika sanduku la chini, pale krenki inapozunguka, ndipo ikaisukuma juu. Sanduku hilo likivuja, injini hufyonza hewa ya nje na huenda isiwake, nawe kwa macho huoni tundu lolote. Zile sili mbili za krenki zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Tukafungua injini yote upya kwa ajili ya vitu viwili vidogo vya mpira. Tulipozibadili ikawaka jioni ile ile, na watoto wa jirani wakaja mbio kama kwenye harusi.

Mpwa wetu aliipiga picha, akazituma kwa rafiki zake. Haukupita mwezi, akaja bwana mmoja kutoka Arusha, mtu wa kukusanya vyombo vya kale. Tulimwonyesha yote, pamoja na vipuri visivyo vya asili na rangi tuliyoichanganya wenyewe. Akazunguka mara mbili, akapiga magoti, akasoma namba ya fremu, kisha akasema atatoa shilingi 3,000,000.

Lakini kuuza kunataka kadi. Kadi ya pikipiki ilikuwa kwa yule bibi. Tukaenda. Alitafuta ndani ya sanduku la mbao chini ya nguo, akaitoa, ina alama za vidole vyenye oili ya zamani. Hakutuomba kitu. Alituuliza jambo moja tu, kama inanguruma bado. Tukajibu kwamba inanguruma. Habari za bwana wa Arusha hatukumwambia. Tukarudi nyumbani na kadi mfukoni, na safari ile ya kilometa mbili ilikuwa ndefu.

Hapo likazuka swali. Mnunuzi anayejua, je, ana wajibu wa kumwambia muuzaji asiyejua?

Tuliwauliza waliokuwa wakifika bandani. Fundi aliyetukerezea spoki alisema, "Mwalimu, jasho ni lako. Yeye alikuwa na chuma, wewe una pikipiki." Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu sana, akatukumbusha mfano wa hazina iliyositirika shambani, katika Mathayo sura ya 13. Yule mtu aliiona hazina, akaificha tena, akaenda akanunua shamba, na Bwana hakumlaumu. Hoja hiyo ilitufurahisha kwa siku mbili, tusifiche. Kisha tukaona kwamba haifai. Mfano ule unafundisha jinsi Ufalme unavyostahili kuachiwa vyote. Haufundishi taratibu za kununua mashamba, kama vile wakili dhalimu katika Luka 16 hakuwekwa pale ili tujifunze kuandika hati za uongo.

Padre mmoja aliwahi kutuazima kitabu cha Mrumi aitwaye Cicero, alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, juu ya mambo yatupasayo. Humo yumo mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria kwenye kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Yeye ajua kwamba nyuma yake zinakuja jahazi nyingine nyingi zimejaa nafaka. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wenye hekima wawili wabishana, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, asema kutosema si sawa na kuficha. Mwanafunzi, Antipater, asema muuzaji asimnyime mnunuzi jambo lolote alijualo. Cicero mwenyewe akasimama upande wa mwanafunzi, jambo ambalo kwetu tuliofundisha maisha yetu yote si rahisi kulimeza.

Lakini habari iliyotukamata ni fupi zaidi. Alikuwako Mrumi jina lake Scaevola, akitaka kununua shamba. Akamwomba mwenye shamba ataje bei yake ya mwisho. Akaitaja. Scaevola akasema, hapana, mimi naona shamba hili lina thamani zaidi, akaongeza sarafu za fedha laki moja juu ya bei aliyotajiwa. Cicero asema hakuna mtu aliyekana kwamba hilo lilikuwa tendo la mtu mwema. Walichokana ni kwamba lilikuwa tendo la mtu mwenye akili.

Tulichukua daftari. Ununuzi 80,000. Vipuri 640,000. Rangi, kuchomelea na mengineyo 210,000. Siku zetu za kazi tulizihesabu 70, tukajilipa 10,000 kwa siku, ujira ambao hatukupata kuuona tuliposhika chaki. Jumla ni 1,630,000. Bado zimebaki 1,370,000. Hizo ni za nani? Fundi asema ni za jasho, lakini jasho letu limekwisha kulipwa. Na kama ni jasho, liko na jasho la mtu mwingine, aliyesindika vile vitambaa na kumimina ile oili. Bila yeye tungalikuwa na silinda iliyoliwa na kutu, na bwana wa Arusha asingalipiga magoti.

Hatusemi kwamba kila anayejua amwambie kila asiyejua. Mkulima aliyejifunza kusoma majira ana haki ya kupanda mapema bila kupiga mbiu. Mnadani kila mtu ajua kwamba mwenziwe anajitafutia, naye hukaa macho. Ndiyo maana watu hupatana bei kwa kelele. Kama tungaliiona pikipiki ile mnadani, tungaliinunua na kulala usingizi. Lakini yule bibi hakupatana nasi bei. Kwa wale vijana wa mizani alikuwa amekwisha kubishana, sisi wenyewe tulimsikia. Sisi tulipotaja themanini alinyamaza, akafunga noti katika upindo wa khanga bila kuzihesabu. Hakumwuzia mnunuzi, alimwuzia Mwalimu. Miaka thelathini na zaidi ya kufundisha watoto wa watu hapa ndiyo iliyomfanya asibishe. Nasi tulinunua kwa jina hilo huku tukifikiri kama mchuuzi. Mahali mtu alipokwisha kuweka chini ngao yake kwa sababu ni wewe, kunyamaza kwako kwasema neno, na neno lenyewe si la kweli.

Mzee wetu wa kanisa hakubali mpaka leo. Asema tunajitesa bure, na kwamba zile shilingi elfu thelathini za nyongeza zilikuwa fadhila ya kutosha.

Jumamosi iliyopita tulikwenda na daftari, tukamsomea hesabu yote mbele ya mwanawe, tukamwambia kwamba tunataka zile zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu, yaani 685,000 kwake, pindi bwana wa Arusha atakapolipa. Bibi akakaa kimya. Kisha akauliza, "Ulijua siku ile, Mwalimu?"

"Nilijua, Bibi."

Hakutubariki safari hii. Mwanawe akaanza kusema kwamba kwa haki nusu haitoshi, na hatukuwa na jibu la haraka. Shauri hilo bado tunalizungumza, wala hatukatai kwamba huenda anasema kweli. Lakini mama yake akamnyamazisha kwa mkono, akasema anataka kwanza kuisikia.

Tukaisukuma hadi mlangoni pake, kwa kuwa bado haina bima. Iliwaka kwa teke la nne. Akasikiliza, kichwa ameinamisha upande, mpaka tulipoizima.

"Marehemu," akasema, "alikuwa akiiwasha kwa la pili."