Mwenye Nafsi ni Nani?

Ili mtu auze kitu, sharti kwanza kiwe chake. Kanuni hii ya sokoni ndiyo inayoifanya tamthilia ya Doctor Faustus ya Christopher Marlowe kuwa ngumu kuliko tunavyoisimulia. Tunasema ni kisa cha msomi mwenye tamaa aliyemuuzia shetani roho yake kwa miaka 24 ya uwezo na anasa, kisha akaburutwa motoni. Sawa. Lakini roho ile ilikuwa mali yake?

Cambridge, alikosomea Marlowe, kulikuwa na wanateolojia wenye jibu tayari, nalo ni hapana. Kwa mafundisho ya Calvin, Mungu alikwisha kuamua kabla ya kuumba ulimwengu ni nani ataokoka na nani ataangamia. Ikiwa ndivyo, Faustus anaandikia hati shamba lisilo lake. Na hati yenyewe inamgomea. Anaiandika kwa damu yake, damu inaganda kabla hajamaliza, na Mephistopheles, pepo anayemtumikia, anakwenda kuleta moto wa kuiyeyusha. Kisha maandishi ya kumwamuru akimbie yanajitokeza kwenye mkono wake. Anayaona, anababaika, halafu anaendelea na mambo yake.

Kutia saini ndilo tendo kubwa la hiari alilofanya maishani, na tendo hilohilo ndilo linaloimaliza hiari yake. Anaomba mke, ananyimwa. Anauliza ni nani aliyeumba dunia, mtumishi wake anakataa kujibu. Uwezo alioununua kwa bei ile anautumia kumfanyia Papa mizaha na kumtafutia mke wa mtawala zabibu wakati wa baridi. Aliyetaka kuwa bwana wa ulimwengu anakuwa mtumbuizaji wa wakubwa.

Marlowe aliuawa mwaka 1593, na tamthilia ikachapwa baada ya kifo chake kwa sura mbili, ya 1604 na ya 1616. Malaika mwema anapomwambia Faustus kwamba bado hajachelewa, sura ya kwanza inaweka sharti kwamba aweze kutubu. Ya pili, kwamba atake kutubu. Ugomvi mzima wa dini wa karne ile umo katika pengo hilo. Mimi naiona ya 1604 kuwa ya kweli zaidi, na ya kutisha zaidi, kwa sababu inakubali kwamba mtu anaweza kuitaka toba kwa moyo wote na bado asiifikie.

Mwanahistoria Jacob Burckhardt, katika kitabu chake cha 1860 kuhusu Italia ya zama za Renaissance, alieneza wazo kwamba zama zile ndizo zilizomzaa mtu binafsi, anayejijua na kujitengeneza. Ukiwasikiliza wahusika wa Shakespeare utadhani alisema kweli. Katika Othello, Iago anafundisha kwamba mwili ni bustani na utashi wetu ndio mtunza bustani. Katika Julius Caesar, Cassius anamwambia Brutus kwamba tukiwa wanyonge tusizilaumu nyota, tujilaumu wenyewe. Wengi wetu tulikutana na hoja hiyo kwa Kiswahili, kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Ni maneno matamu. Lakini tazama yanasemwa lini, na kwa nani. Iago anamhubiria Roderigo uhuru wa utashi huku akimkamua fedha. Cassius anamsifia Brutus uwezo wa kujiamulia, kisha anapanga barua za kughushi zitupwe dirishani kwake ili aamue kama anavyotaka Cassius. Anayekuambia wewe ni bwana wa nafsi yako, katika tamthilia hizi, mara nyingi ana kazi anataka umfanyie.

Waliotamka maneno hayo jukwaani walilijua jambo hili kuliko watazamaji. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasio na bwana mkubwa wa kuwadhamini kuwa wazururaji wa kuadhibiwa. Ili mtu aigize ufalme alihitaji kwanza kuwa mtu wa fulani.

Ndiyo maana namweka juu ya wote hawa mhusika asiyetajwa sana. Mwaka 1613 ilichapwa The Tragedy of Mariam ya Elizabeth Cary, tamthilia ya kwanza ya kubuni ya mwanamke wa Kiingereza kuchapwa. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mke hakuwa na mali yake wala hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Mumewe alisimama badala yake. Korasi ya tamthilia hiyo inakwenda mbali zaidi: mke amekwisha kujitoa mzimamzima, na hata mawazo yake ni ya mume. Faustus angalau alikuwa na kitu cha kupeleka sokoni.

Mariam ni mke wa Mfalme Herode, aliyewaua babu na kaka wa Mariam. Uvumi unafika kwamba Herode ameuawa Roma, kumbe yu hai, na anarudi akiwa na hamu naye. Mariam anajua kabisa kwamba tabasamu moja litamtuliza mfalme na kumweka salama. Hatabasamu. Hamtukani, hakimbii, hapangi njama. Anakataa tu kuuonyesha uso usiolingana na moyo wake. Herode, akichochewa na dada yake Salome, anaamuru akatwe kichwa, kisha anarukwa na akili kwa majuto.

Unaweza kusema hilo si tendo. Naona ndilo tendo kamili kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu hakuna aliyemshawishi kulifanya na hakuna aliyefaidika nalo. Halikuhitaji hati wala ruhusa. Mwaka 1626 ilijulikana hadharani kwamba Cary mwenyewe amekuwa Mkatoliki. Mumewe, aliyekuwa akimtawalia mfalme wa Uingereza nchi ya Ireland, akamkatia matumizi, na Cary hakurudi nyuma.

Watafsiri wetu wamekwisha kutupa Kaizari, mabepari wa Venisi na Makbeth. Atakayeshika kalamu baada yao ninamwomba aanze na Mariam.