Maji Yanang'aa

Mama mmoja wa Kizungu, umri wake sawa na wa bibi yangu, alisimama kando ya jakuzi na taulo begani, akaniuliza kwa Kiswahili cha kujifunzia ndani ya ndege: "Maji safi?" Nikamjibu kwa lile tabasamu tulilofundishwa: "Yanang'aa, mama. Karibu." Akashukuru, akavua kandambili, akaingia.

Na kweli yalikuwa yanang'aa. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, miaka mingi tangu niiache kazi ile ya hoteli huko pwani ya mashariki ya Unguja. Ungeweza kuhesabu vigae vya chini kimoja kimoja. Ila mimi nilijua, naye hakujua, kwamba saa moja kabla nilikuwa nimechovya kijikaratasi cha kupimia, na ile sehemu ya klorini, ambayo hugeuka zambarau dawa ikiwapo, ilibaki nyeupe kama ilivyotoka kwenye kopo. Dawa majini hakuna. Stoo nako hakuna, ilikwisha tangu juzi. Kilichobaki ni chupa ya dawa ya kung'arishia, ambayo kazi yake ni kuzishikanisha chembe ndogo ndogo ziwe kubwa, chujio lipate kuzikamata. Haiui chochote. Inapendezesha tu. Nikamimina hiyo.

Sasa swali langu, ambalo nimelibeba muda wote huu bila pa kulitua: je, nilimdanganya?

Kabla hujanihukumu, msomaji, ni vizuri ujue jakuzi ni kitu gani, maana wengi tunaliona kwenye filamu tu, mtu kazama hadi kifuani na glasi mkononi. Ni beseni la lita 1,000 hadi 1,500 hivi. Maji yake hupashwa moto mpaka kama nyuzi 38, na hayatakiwi kuzidi 40, huku pampu ikiyazungusha na kuyapuliza hewa. Bwawa la kuogelea mbele yake ni bahari. Watu wanne wakiingia humo wameleta jasho, losheni za jua, sabuni iliyobaki kwenye nguo za kuogelea na mengine tusiyoyataja. Klorini inashughulika na hayo yote kwanza, na wakati huohuo joto na mapovu vinaifukuza ipotee hewani. Unaweka asubuhi, jioni haipo. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inataka klorini ya kwenye jakuzi isipungue miligramu 3 kwa lita, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Hiyo pH ndiyo watu wanayoidharau. Ikifika 7.5, ni kama nusu tu ya klorini yako iliyo katika hali ya kuua vijidudu kwa nguvu. Ikipanda hadi 8 inabaki kama robo. Yaani unaweza kumwaga dawa ya kutosha kabisa, nayo ikalala usingizi humohumo majini.

Kuhusu kubadilisha maji, mafundi wana hesabu yao. Chukua lita za jakuzi, gawa kwa 12 hivi, kisha gawa kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Jibu ndilo siku zako. Letu la lita 1,500, kwa watu kumi kwa siku, lilitaka kubadilishwa kila siku ya 12. Sisi tulikuwa tunavuta mpaka mwezi.

Utasema ubahili wa bosi. Ulikuwapo, sikatai. Lakini nje ya ukuta wa hoteli kulikuwa na kijiji, na mfereji wa kijiji ulitoa maji kwa kubahatisha. Lita 1,500 ni madumu 75 ya lita 20. Fundi wa maji wa hoteli, mzee wa palepale kijijini, aliniambia wiki yangu ya kwanza: "Mwanangu, ukifungua ile koki ya kumwaga, nyanyua macho utazame barabarani." Nikanyanyua. Kinamama walikuwa wanapita na ndoo vichwani. Tangu siku ile sikupata kuifungua koki ile kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo kuyatunza maji baina ya badiliko moja na jingine si mchezo wa matajiri, au si huo tu. Kuna haki ya aliye ndani ya maji na kuna haki ya aliye nje ya ukuta. Ukiyamwaga kila uchao unamlipa wa kwanza kwa mali ya wa pili. Usipoyamwaga, na usiyahudumie, unamtapeli wa kwanza. Njia ya kuwatendea wote wawili vizuri ni kazi ya kuchosha: kupima asubuhi na jioni, kuongeza dawa kidogo kidogo, kuosha chujio, kumwomba mgeni akoge kwanza kabla hajaingia (hapo ndipo wanapokununia), kupima tena. Ukiifanya kazi hiyo vizuri hakuna anayeiona. Usipoifanya, kwa siku kadhaa pia hakuna anayeiona. Ndipo mtihani wenyewe ulipo.

Nilipokuwa mdogo, chuoni tulifundishwa kuyatazama maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku kwetu pwani, maji yakifika kiasi kinachoitwa kullatayni, lita 200 na kitu, hayaharibiwi na najisi iliyoingia mpaka moja ya sifa hizo ibadilike. Jakuzi letu lilikuwa kullatayni karibu mara saba. Siku ile nilijifariji na hesabu hiyo, na nilijua kabisa kuwa najichezea shere. Hukumu ile ni ya tohara, mtu apate kutawadha na kuswali. Haikuwekwa ili mimi nimhakikishie ajuza wa watu kwamba mapafu yake yako salama. Kuichukua hukumu ya jambo moja ukaibandika juu ya jambo jingine, huko nako ni kumimina dawa ya kung'arishia.

Kwa sababu vinavyodhuru humo havina rangi. Kuna bakteria aitwaye Pseudomonas, huyu huwapa watu vipele, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Anaishi ndani ya mabomba, kajifunika ute ambao klorini hupata tabu kuupenya, na jicho la mgeni linatazama beseni, halitazami bomba. Kuna na Legionella, aliyepata jina lake baada ya wanajeshi wa zamani wa Marekani kuugua na kufa kufuatia mkutano wao hotelini Philadelphia mwaka 1976. Huyu haingii kwa kunywa. Anapanda na ule mvuke wa matone madogo ambayo mapovu huyarusha, ukivuta pumzi umemmeza kwa mapafu. Februari 1999, huko Bovenkarspel, Uholanzi, kulikuwa na maonyesho ya maua. Katika mabanda yake yaliwekwa majakuzi ya kuonyesha tu, ya kuuzwa, si ya kuoga. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zao kutazama maua. Wasiopungua 30 walifariki. Wengi wao naamini hata hawakukumbuka kwamba walipita karibu na maji.

Na pua nayo haina msaada. Wageni wengi wakisikia ile harufu kali ya klorini husema, naam, hapa pasafi. Kumbe ile harufu siyo ya klorini iliyo tayari kwa kazi. Ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa watu, imechoka. Maji yaliyotunzwa vizuri karibu hayanuki. Kwa hiyo maji mabaya yanaweza kung'aa, na yaliyochafuliwa yanaweza kunukia usafi. Mgeni anabaki na nini? Anabaki na mimi.

Hapo narudi kwenye swali. Sentensi yangu ilikuwa ya kweli. Sisi wasomaji wa riwaya tunampenda sana msimuliaji wa namna hii, asiyesema uongo hata mara moja, ila anaruka kitu kimoja, na tukifika mwisho tunarudi nyuma tukicheka kwa jinsi tulivyochezewa. Lakini tulikifungua kitabu kwa hiari, tukijua ni mchezo. Yule mama hakufungua kitabu. Alivua kandambili.

Siku moja, nikitafuta wa kunitetea, niliangukia kisa cha Immanuel Kant, yule Mjerumani aliyeshikilia kwamba kusema uongo ni haramu hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako. Mwaka 1794 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm II, alimkemea kwa maandishi yake ya dini. Kant akaahidi kunyamaza, na katika ahadi hiyo akajitaja kuwa raia mtiifu wa mfalme huyo. Mfalme akafa mwaka 1797. Mwaka uliofuata Kant akatoa kitabu, na mwanzoni mwake akaeleza kwamba maneno yale aliyachagua kwa makusudi: ahadi ilimfunga kwa maisha ya mfalme yule tu, si zaidi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikasema haya, nimepata mwenzangu, tena mkubwa.

Furaha haikukaa. Mfalme alikuwa na washauri, wanasheria na rungu. Angeweza kuirudisha barua akasema futa, andika upya. Mnyonge pale alikuwa Kant. Pale kando ya jakuzi mnyonge alikuwa yule mama, na mwenye kujua alikuwa mimi. Hata muuza nyanya sokoni, anayepanga nzuri juu na zilizobonyea chini, sote tunamjua, na una mkono, unaweza kupekua. Majini mgeni hapekui. Shahidi wake ni jicho lake peke yake, na mimi kwa chupa ile ndiye niliyemhonga shahidi huyo kabla hajaitwa. Maneno yangu yangeweza kuwa ya kweli au yasiwe. Uongo nilikwisha kuumimina saa moja kabla, yeye angali chumbani anatafuta taulo.

Mwenzangu wa zamu nilipomweleza alinishangaa. "We kibarua tu. Aliyeacha dawa iishe si wewe." Ni kweli, na sitaki kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Aliyeiacha stoo tupu alikuwa analala kwenye kiyoyozi na mshahara wake haukuwa kama wangu. Lakini stoo hiyohiyo kulikuwa na kibao kimeandikwa "Limefungwa kwa matengenezo", na kifuniko cha jakuzi kilikuwa pale ukutani. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Sikuifanya kwa sababu aliyekitoa kibao hicho mara ya mwisho alisemwa mbele ya watu, na mimi nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Niliogopa. Naandika hivyo kwa kuwa nimeshawahi kuisimulia hadithi hii nikasema "sikukifikiria kibao". Nilikifikiria. Nilikigusa hata.

Yule mama aliondoka siku mbili baadaye, mzima kwa kutazama, akaniachia bakhshishi nzuri na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Pengine hakupatwa na kitu. Zamani nililiona hilo ni nafuu kwangu, siku hizi silioni hivyo. Kama hakupatwa na kitu, si mimi niliyemkinga.

Dawa ililetwa jioni ya siku aliyoondoka. Mzee fundi alikuja na ndoo, tukalimwaga jakuzi lote, tukapitisha dawa kwenye mabomba, tukasugua, tukajaza upya. Madumu 75. Tulipomaliza akalitaka daftari la vipimo, lile la jalada gumu ambalo kila siku kulikuwa na mstari wa asubuhi na mstari wa jioni. Akapitisha kidole taratibu mpaka kikasimama. Mistari ya siku nne ilikuwa mitupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Dawa ilikwisha, mzee."

"Ulipima?"

"Siku moja nilipima. Ilikuwa hakuna kitu, ndiyo maana sikuandika."

Akanitazama, wala si kwa hasira. Akanipa kalamu.

"Andika sifuri," akasema. "Na siku ambazo hukupima, andika hukupima."